Picha Iliyokuwa kwa Murayo

Picha ilifika Alhamisi, siku kumi kabla ya misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja. Kasiva aliileta mwenyewe kutoka Mumbuni, imefungwa kwa gazeti na juu ya gazeti leso, akaifungua, akaiegemeza ukutani juu ya meza ya sebuleni taratibu kama anayelaza mtoto. Kisha akasimama kando, mikono ameifumbata, akimngoja baba yake aseme neno.

Mzee Bartholomew Kimanzi alitoa miwani mfukoni, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa. Alikuwa fundi wa mawe tangu ujana. Nusu ya nyumba za mawe pale Kalama zilipita mikononi mwake, na jicho lake lilikuwa limezoea kupima kitu kabla mdomo haujafunguka. Alipima, akapima tena.

"Huyu ni nani?"

"Baba, si ni mama."

Kichwa kilikuwa cha mkewe, hilo hakulikana. Kilitolewa kwenye kitambulisho, uso umekazwa kama wa mtu aliyesimamishwa na askari barabarani. Lakini kuanzia shingoni kushuka chini palikuwa na mwanamke mwingine kabisa: suti ya buluu, mkufu wa lulu, mabega mapana kama ya diwani. Nyuma yake maji yaliporomoka kutoka mlimani, na maua mekundu yalikuwa yamechanua pande zote.

"Kamanthe hakuvaa suti hata siku moja," mzee alisema. "Na haya maji ni ya wapi? Ni huku kwetu Kalama?"

Mlangoni, Winfred, binti wa Kasiva, aliangua kicheko, kisha akakizima kwa kiganja.

"Urbanus wa saiba, yule wa kompyuta, amejaribu," Kasiva alisema. Sauti yake ilianza kupanda, ile sauti ya naibu mwalimu mkuu. "Nimempelekea kitambulisho kwa sababu hakuna kingine. Mimi ningetoa picha wapi? Niambieni! Mazishi tulifanya na picha ya mshumaa kwenye kile kijitabu, kama mtu ambaye hakuwahi kuishi. Sasa misa ya mwaka pia tufanye na mshumaa?"

Kisha Kasiva, ambaye hakulia kaburini kwa sababu alikuwa akihangaika na wapishi na hema na viti, akaketi kwenye mkono wa kochi na kulia.

Ukweli ni kwamba alikuwa na haki. Kamanthe alikuwa mkimbizi wa kamera. Mwaka wa themanini na tatu alipokuwa akikama, ng'ombe mmoja mkorofi alimpiga teke la mdomo, meno mawili ya mbele yakaenda. Tangu siku hiyo hakucheka tena bila kuinua leso. Alikuwa mtu wa kucheka sana, kwa hiyo leso ilifanya kazi kutwa nzima. Na kamera ikitolewa, yeye alikuwa ameshafika jikoni. Katika picha za arusi ya Kasiva alikuwa kiwiko tu, pembeni mwa keki. "Mimi nipe kazi," angesema, "picha wape wenye meno."

"Niko na picha mia mbili za Susu kwa simu," Winfred alisema polepole, kwa jina alilomwita nyanya yake, akimshika mama yake begani. "Zote ni mkono."

Bartholomew hakucheka. Alikuwa na jambo lake ambalo hakumwambia mtu. Kila asubuhi, kabla hajashuka kitandani, alifumba macho na kumtafuta mkewe. Miezi ya kwanza alimpata upesi: pale mlangoni anaita kuku, pale kwenye ngazi za shamba anachuma mbaazi, pale alipokuwa akimpokea kutoka kazini na kumpangusa chokaa kwenye nyusi kwa ncha ya leso, akisema, "Leo umenirudia mzee wa miaka mia." Lakini siku hizi akifumba macho, uso uliokuja ulikuwa ule wa kitambulisho. Ule wa kusimamishwa na askari. Ulikuwa umeanza kukaa mahali pa mwingine, na mzee aliogopa kwamba siku moja angeamka na kukuta mwingine hayupo tena.

Alivua miwani.

"Iko picha moja," alisema.

Kasiva aliinua uso.

"Siku ya arusi yako, mpiga picha alipomfuata hadi jikoni, mama yako alimwambia, 'Mimi niko na picha moja tu ya maana, na iko kwa Murayo.' Nilidhani anamkwepa."

"Murayo ni nani?"

Kwa miaka zaidi ya arobaini mkewe alirudi kutoka sokoni Machakos akisema, "Nimepitia kwa Murayo." Wakati mwingine alirudi na tende, wakati mwingine na kitambaa. Bartholomew alijua ni mama wa Kisomali, mke wa mfanyabiashara wa mbuzi aitwaye Aweys. Zaidi ya hapo hakuwahi kuuliza.

"Rafiki yake," alisema, na neno lenyewe lilimtoka likiwa jepesi mno.

*

Jumamosi yeye na Winfred walishuka mjini. Kasiva alikataa kwenda. Alisema ana maandalizi, lakini mzee alijua bado ana uchungu. Sokoni kwa mbuzi waliuliza. Kijana mmoja aliyekuwa ameshika kamba tatu mkononi aliwaambia kwamba Mzee Aweys alishafariki zamani, na mjane wake sasa anaishi Kyumbi kwa mwanawe, Abdiaziz. "Mkifika kwa makutano ya barabara, angalia banda la mbuzi lenye mabati ya kijani. Kila mtu anamjua."

Hawakuhitaji kuuliza tena. Walipofika kwenye banda hilo, mwanamume mrefu mwenye ndevu zilizoanza mvi alikuwa akibishana na mnunuzi juu ya dume jeusi. Alimwona Bartholomew, akaacha maneno katikati. Akamwachia mnunuzi ile kamba ya mbuzi, akajipangusa mikono, akaja na kuushika mkono wa mzee kwa mikono yake yote miwili.

"Baba," alisema. "Umekuja."

Bartholomew alimtazama vizuri. Alikuwa amemwona mtu huyu. Siku ya mazishi, wakati wa kufukia, mwanamume mrefu asiyemjua alipokea sepetu na hakuirudisha. Vijana wa ukoo walipotaka kumpokea hakukubali, alifukia tu, machozi na jasho vikishuka pamoja, mpaka kaburi likajaa. Kisha akanawa mikono na kuondoka bila kula. Mzee alidhani ni mteja aliyenunua mbuzi wa Kamanthe, mtu mwenye huruma nyingi.

"Wewe ndiye ulifukia," Bartholomew alisema.

"Ni mimi." Abdiaziz aliinamisha kichwa. "Karibuni ndani. Mama ataeleza. Si mimi wa kueleza."

Nyumba ilikuwa nyuma ya banda, safi, ikinukia iliki. Mama mzee aliketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha kwenye mto, shungi jeupe limezunguka uso mwembamba. Alipomwona Bartholomew alimsalimu kwa Kikamba, tena Kikamba cha Kalama hasa, chenye mikato ileile ya Kamanthe. Ilikuwa kama kumsikia mkewe akiita kutoka chumba cha pili.

"Yeye ndiye alinifundisha," Murayo alisema, akageukia Kiswahili kwa ajili ya Winfred. "Keti, Baba Kasiva. Unisamehe sikuja kumzika. Magoti yalikuwa yamenilaza hospitali. Nilimtuma mtoto wake aje kwa niaba yangu."

"Mtoto wa nani?" Bartholomew aliuliza.

Murayo alimtazama usoni. Kisha akasema, kama anayejisemea, "Kumbe hakukwambia mpaka mwisho."

Chai ililetwa. Winfred alimimina. Na Murayo akasimulia.

Ilikuwa mwaka wa sabini na tisa, katika wodi ya wazazi pale mjini. Vitanda viwili vimekaribiana, wanawake wawili wenye mimba za kwanza, hakuna anayejua lugha ya mwenzake. Walijifungua usiku mmoja. Kamanthe alipata msichana, Murayo akapata mvulana. Lakini Murayo alipoteza damu nyingi, homa ikampanda, maziwa hayakutoka. Mvulana alikataa chupa. Siku ya pili alikuwa akilia kwa sauti nyembamba kama ya paka, siku ya tatu akaacha kulia.

"Mimi nilikuwa nimelala, nimeungua kwa homa," Murayo alisema. "Nikafumbua macho nikaona huyu msichana wa Kikamba amekaa kwa kitanda chake, ana mtoto wake titi la kushoto, na wangu titi la kulia. Hakuniuliza. Angeniuliza kwa lugha gani? Aliniangalia tu, akacheka. Alikuwa na meno, wewe! Meno kama mahindi machanga."

Bartholomew aliweka kikombe chini.

"Siku kumi na moja alimnyonyesha. Wewe ulikuwa Thika kwa kazi yako ya kujenga, alikuwa akiniambia baadaye. Siku kumi na moja, Baba Kasiva. Na kwetu sisi maziwa ni damu. Mtoto aliyenyonya hivyo ni mtoto wake, na Kasiva ni dada yake. Mume wangu Aweys alikuja wodini, akasimama mbele ya kitanda cha Kamanthe, akamwambia, 'Mwanangu ana mama wawili.'"

"Mbona hakuniambia?" Sauti ya mzee ilikuwa ndogo. "Aliniogopa?"

"Wewe? Hapana. Alimwogopa mama yako."

Na hapo Bartholomew alielewa mara moja, maana mama yake, Mungu amrehemu, alikuwa mwanamke wa kusema maneno yasiyofutika. Angesema mke wa mwanawe amegawa maziwa ya mjukuu kwa wageni. Angelisema kila mavuno mpaka kufa kwake.

"Alisema atakwambia mama yako akiondoka," Murayo aliendelea. "Mama yako akaondoka, naye akaniambia, 'Sasa nitaanzia wapi? Nimenyamaza miaka kumi.' Jambo ukilinyamazia sana hupati tena pa kulianzia. Halafu ikawa ni yetu sisi wawili, kama wasichana wanavyoficha kitu kizuri. Alikuwa akija hapa, Abdiaziz anamwita mama, anakaa anakula, anacheka bila leso. Hapa hakufunika mdomo. Usimkasirikie."

"Simkasirikii," Bartholomew alisema. Alikuwa akisema kweli. Kilichomuuma kilikuwa kitu kingine: kwamba mara zote zile aliambiwa "nimepitia kwa Murayo", na kwamba swali moja tu, la maneno matatu, lingetosha. Hakuliuliza. Alikuwa akiuliza habari ya bei ya chumvi.

Winfred ndiye aliyeuliza habari ya picha.

Murayo alicheka, akamwita mwanawe. Abdiaziz aliingia chumbani, akatoka na kisanduku cha bati. Ndani, chini ya vyeti na shanga, palikuwa na bahasha, na ndani ya bahasha picha ya rangi nyeupe na nyeusi, kingo zake zimekatwa meno meno kama walivyofanya zamani.

Wanawake wawili wameketi kwenye benchi la studio. Wote wamebeba watoto wa siku arobaini. Murayo, kijana, mwembamba, anatazama kamera kwa woga. Kamanthe hatazami kamera. Amegeuza uso nusu, anamtazama Murayo, na anacheka. Anacheka kwa mdomo wote, kichwa kimerudi nyuma kidogo, macho yamekuwa mistari miwili. Hakuna leso. Meno yote yapo.

Bartholomew aliishika picha kwa vidole viwili kama kitu cha moto. Aliitazama mpaka chai ikapoa. Wenyeji wake walimwacha atazame. Mwishowe alipangusa macho kwa nyuma ya mkono, akasema kwa Kikamba kitu ambacho Winfred hakukisikia vizuri. Murayo alikisikia, akainamisha kichwa.

"Mtakuja Jumapili ijayo," mzee alisema. Halikuwa swali. "Misa ni saa nne. Mtakaa kwa benchi ya familia."

*

Jioni hiyo Kasiva alipokea picha mezani kwa baba yake, na Winfred akamweleza yote kwa pupa, akiruka mbele na kurudi nyuma. Kasiva alisikiliza. Alimtazama mama yake akicheka, na kwa muda uso wake wenyewe ulilainika, akafanana naye mno. Kisha akakunja kipaji.

"Huyu aliyembeba ni nani?"

"Abdiaziz," Bartholomew alisema. "Murayo amesema walibadilishana watoto kwa mzaha. Mpiga picha aliwahimiza wakae, wakakaa hivyo hivyo."

"Kwa hiyo picha moja tu ambayo mama yangu anacheka, amebeba mtoto wa mtu mwingine."

Winfred alimtazama babu yake.

"Sawa," Kasiva alisema, akiiweka mezani. "Urbanus anaweza kuikata. Akate hapa na hapa, abaki mama peke yake, uso tu. Tena itakuwa safi. Watu watauliza maswali."

"Hatukati," Bartholomew alisema.

"Baba, ni ya misa. Ni ya mama, si ya..."

"Kasiva. Leta kiti."

Alileta kiti. Mzee alivua miwani yake mwenyewe, akampa bintiye aivae, kama alivyokuwa akimpa alipokuwa mdogo akitaka kuona chembe za mchanga.

"Angalia mkono wake wa kushoto."

Kasiva aliinama. Mkono wa kulia wa Kamanthe ulikuwa umemkumbatia mvulana. Lakini wa kushoto ulikuwa umevuka benchi, ukapita chini ya shuka ya Murayo, na kwenye kivuli ambacho jicho la haraka lingekipita, vidole vyake vilikuwa vimeshika mguu wa mtoto mwingine. Mguu mdogo, umefungwa kiganjani wote isipokuwa kidole gumba.

"Huyo ni wewe," baba yake alisema. "Hakukuachilia. Anacheka, anaongea, amebeba wa mwenzake, na hakukuachilia. Sasa mwambie Urbanus akate, utaona atakata nini."

Kasiva aliendelea kuinama juu ya picha muda mrefu. Ukungu ulijaa kwenye miwani ya mzee. Alipoirudisha hakusema kitu juu ya kukata. Alisema tu, kwa sauti ya mtu aliyekuwa na mafua, "Wanakula nini, hawa watu? Nisiwapikie kitu wasichoweza kula."

*

Jumapili jua liliwaka tangu asubuhi. Abdiaziz alikuwa amefika Jumamosi na mbuzi wawili, akawachinja mwenyewe ili mama yake ale bila wasiwasi, na akina mama wa jumuiya walipomwona anapepea mkaa na kugeuza nyama walimpa amri kama walivyowapa vijana wao wote. Picha ilisimama mbele ya hema, imekuzwa, wote wanne ndani: wanawake wawili na watoto wawili. Ile ya suti na maporomoko Winfred aliigeuza uso ukutani, chumbani.

Watu waliuliza maswali, kama Kasiva alivyosema. Kwa hiyo baada ya misa Bartholomew alisimama kuwajibu. Hakuwa msemaji. Alisema mkewe alikuwa ni mkulima na mama na susu, na hayo wote waliyajua. Kisha akawaambia habari ya siku kumi na moja. Alisimulia kifupi, kama anayepanga mawe, na alipofika kwenye titi la kushoto na la kulia mama mmoja mzee nyuma ya hema alipiga kigelegele, wengine wakampokea. "Mimi sikujua," alimalizia. "Nimeishi naye miaka arobaini na saba na sikujua. Nyinyi mlio na wake na waume nyumbani, ulizeni. Hata jambo dogo. Ulizeni." Akaketi. Murayo, aliyekuwa karibu naye kwenye benchi la familia, alimpigapiga mkono mara mbili.

Baada ya chakula watu walianza kutawanyika, na waliobaki walivuta viti kivulini, nyuma ya nyumba. Kasiva alikuja na sinia ya vikombe, akamkuta Abdiaziz ameketi juu ya jiwe. Siku nzima walikuwa wamepishana kwa adabu, yeye akimwita "mwalimu", naye akimwita "ndugu Abdiaziz", kama watu kwenye mkutano.

"Kuna jambo nataka kukuuliza," Kasiva alisema akimpa kikombe. "Tulizaliwa usiku mmoja. Nani alitangulia?"

"Mimi," Abdiaziz alisema bila kufikiri. "Mimi ndiye mkubwa."

"Nani amekwambia?"

"Najua tu. Hata kwa picha mimi ni mnene zaidi."

"Unene unahusu nini? Ulikuwa unakula chakula changu!"

Abdiaziz alianza kucheka, chai ikamwagika kwenye suruali. "Mama!" aliita kuelekea kivulini. "Mwambie! Si mimi nilizaliwa kabla ya alfajiri?"

"Msiniingize," Murayo alijibu. "Mimi nilikuwa na homa."

"Umeona? Hakuna shahidi," Kasiva alisema, akaketi karibu naye kwenye jiwe, sinia magotini. "Kwa hiyo ni mimi. Na mkubwa akisema, mdogo anasikiza. Utakuwa unakuja hapa kila mwezi, na usilete mbuzi, lete watoto wako niwaone."

"Nitakuja, lakini nitakuja kama mkubwa."

Bartholomew aliwasikiliza kutoka kwenye kiti chake, kofia ameishusha machoni kama amelala. Alimgusa Winfred kiwiko na kumnong'oneza amletee chai nyingine, tena ya moto, maana ubishi ule alivyouona haukuwa wa kuisha leo.